Baba anataka mpasuaji, mimi nimependa kazi ya kutoa usingizi kwa wagonjwa wa upasuaji

Shikamoo Mama Daktari,

Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nikiwa mwaka wa tatu chuoni, na sikuwahi kudhani kwamba na mimi ningekuja kukuandikia. Nina miaka 27. Zimebaki wiki saba nimalize utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya chuo, katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa huku Nyanda za Juu Kusini. Kila ninayekutana naye ana swali moja: "Dokta, unakwenda kusomea ubingwa wa nini?" Naulizwa wodini, naulizwa kwenye daladala, naulizwa kila nikipiga simu nyumbani. Jibu ninalo, ila nashindwa kulitamka.

Nianze na baba. Sisi ni watu wa Mbozi, na baba ni mkulima wa kahawa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo haukutosha, akauza ng'ombe, baadaye akauza eka moja na nusu ya shamba alilorithi kwa babu. Hilo hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Anachonikumbusha ni kingine. Nilipokuwa darasa la tano, mama alishikwa na tumbo usiku, utumbo ulikuwa umejisokota, akapelekwa hospitali ya misheni kwenye pikapu ya jirani. Daktari mmoja alimpasua usiku uleule, mama akapona. Mpaka leo baba humtaja daktari huyo kwenye sala za jioni. Tangu wakati ule alishaamua kwamba mtoto wake mmoja lazima awe mpasuaji, na kati yetu wanne aliyefaulu sayansi ni mimi.

Kusema kweli upasuaji sikuuchukia. Bingwa wetu alinipa nafasi nyingi za kumsaidia, ngiri kadhaa nimeshona mwenyewe yeye akinisimamia, na alisema mbele ya watu, "Huyu binti ana mikono, asiende kwingine." Nilifurahi, nikampigia baba, naye akawatangazia wenzake wote kijiweni.

Halafu nikaingia idara ya wanawake na uzazi. Usiku mmoja tulipeleka chumba cha upasuaji mama aliyekuwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto amekwama. Mimi nilikuwa msaidizi. Anayetoa usingizi pale usiku ni mzee mmoja, muuguzi aliyesomea kazi hiyo zamani, amebakiza miaka michache astaafu. Alimkalisha yule mama, akamwambia akumbatie mto na akunje mgongo kama paka, akamchoma ganzi ya mgongoni. Tulipomlaza tu, presha ikashuka hadi 70 kwa 40. Mama akasema, "Naona giza." Mzee hakupandisha sauti. Aliinamisha meza upande wa kushoto, akafungulia dripu, akachoma dawa, na muda wote huo mkono wake mwingine ulikuwa kwenye paji la uso wa yule mama, anamuuliza huyu ni mtoto wa ngapi na wa kwanza anaitwaje. Presha ikapanda, 85, 96, 104. Mtoto alipolia nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika chuma cha kufungulia jeraha huku macho yangu yapo upande wa pili wa pazia.

Tangu hapo siku zangu za mapumziko nazimalizia kule. Mzee amenifundisha kushika barakoa ya hewa kwa vidole viwili huku vitatu vikinyanyua taya, amenifundisha kupitisha mpira wa hewa kwenye koo. Mara ya kwanza nilipoziona nyuzi za sauti zimefunguka mbele ya taa, nyeupe, nilitetemeka kwa furaha. Narudi nyumbani nikiwa nimechoka, lakini nafungua kitabu bila kulazimishwa na mtu.

Tatizo ni watu. Wenzangu wananiambia nitakuwa daktari wa kukaa nyuma ya pazia, mgonjwa hatajua hata jina langu, na kliniki yangu mwenyewe sitafungua. Shangazi zangu wanasema nichukue macho au ngozi, nilee watoto kwa utulivu. Rafiki yangu wa karibu anajiandaa na mtihani wa PLAB aende Uingereza na anataka tuondoke wote. Baba nilimgusia kidogo kwa simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa nikiulizwa binti yangu ni daktari wa nini, niseme wa kulaza watu?" Hakuwa na hasira. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Naomba unisaidie mambo matatu. Nitajuaje kama ninachokipenda ni kazi hii au ni yule mzee tu? Dirisha la maombi ya ubingwa likifunguliwa niombe moja kwa moja, au nitafute kwanza kazi, wakati ajira zenyewe unajua zilivyo na deni la Bodi linanisubiri? Na baba nimwambie nini?

Mtarajali, Nyanda za Juu Kusini


Marahaba mwanangu. Pole na zamu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa naangalia unakawia wapi. Upasuaji umeupa mistari michache, na yote ni kuhusu watu waliokusifu: bingwa alisema, baba alitangaza. Ulipofika kwenye pazia la kijani hukutaja sifa za mtu yeyote. Umenipa presha namba kwa namba, umenipa paji la uso la yule mama, umenipa rangi ya nyuzi za sauti. Jambo hilo nalipa uzito mkubwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulipuuza.

Nilimaliza utarajali nikiwa na miaka kama yako. Bingwa mmoja wa upasuaji aliniambia nina mikono, karibu maneno yaleyale uliyoambiwa wewe, nami nikabeba sifa ile hadi chuoni na kujiandikisha upasuaji. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wala hana nia mbaya. Anaona kijana mwenye uwezo, anataka abaki. Mwaka mzima na miezi kadhaa nilipasua, na nilipasua vizuri. Ila kila nikitoka chumba cha upasuaji, kabla ya kwenda kula, miguu ilinipeleka wodi ya watoto. Nilikuwa najiambia napita tu kumsalimia muuguzi. Muuguzi huyohuyo ndiye aliyeniuliza siku moja, "Daktari, wewe mgonjwa wako humu ni nani?" Sikuwa naye. Nililia kwenye ngazi za nyuma za jengo lile, na miezi mitatu baadaye nikaacha, nikaanza upya. Nilipoteza muda na ada, na mkuu wa idara hakunisalimia kwa muda mrefu. Leo ni daktari wa watoto na sijajutia hata mara moja, lakini ningependa wewe usipitie ngazi zile.

Sasa kuhusu yule mzee. Unauliza kana kwamba kumpenda mwalimu ni kosa. Sijui daktari hata mmoja ambaye nyuma ya ubingwa wake hakuna mtu: kuna aliyemshika mkono, au aliyemtisha akakimbilia idara ya jirani. Ila una haki ya kutaka kuvitenganisha hivi viwili, na njia ni kuiona kazi bila yeye. Utarajali ukiisha, kabla hujafanya lolote, omba wiki mbili za kukaa kwenye hospitali kubwa zaidi, iwe ya Kanda pale Mbeya au hata Dar es Salaam ukipata pa kufikia. Pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanafungua vichwa na migongo ya watu, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanausimamisha moyo kabisa na damu inazungushwa na mashine. Kazi ya usingizi kule ni dunia nyingine, na humo hakuna Mzee. Kama moyo utakwenda mbio vilevile ukifundishwa na mtu mkavu asiyekujua jina, utakuwa umejibiwa.

Tena, uone siku zake za kawaida. Wewe umeonja usiku wa hatari, na usiku wa hatari humpendeza kijana yeyote mwenye damu ya udaktari. Naomba uende Jumanne moja, upasuaji wa kupangwa, tezi dume na ngiri na kizazi, tangu saa moja asubuhi. Uikague mashine ya usingizi, uvute dawa kwenye mabomba ya sindano na kuandika jina kwenye kila bomba, umuulize kila mgonjwa amekula saa ngapi mara ya mwisho, ana pumu, ana jino linalocheza, aliwahi kulazwa usingizi na ikawaje. Halafu ukae. Saa nne, saa tano, unasikiliza mlio wa mashine, unaangalia kifua kinapanda na kushuka, mpasuaji anapiga hadithi na wenzake na wewe huruhusiwi kupotea hata dakika mbili. Mwisho wa siku anayeshukuriwa ni yeye. Kama utatoka pale umeridhika kwa sababu watu sita wamelala na sita wameamka, basi. Kama utatoka umechoshwa na unausubiri usiku wa presha 70 kwa 40 ndipo ujisikie daktari, usikimbilie. Fikiria tiba ya dharura pia. Muhimbili walianzisha mafunzo ya ubingwa huo mwaka 2010, na vijana wengi wenye hulka hiyo wamepata makao yao pale.

Jambo jingine nakuambia kama mama, na si rahisi kulisema. Wewe umeiona presha inayopanda. Hujaiona ile isiyopanda. Siku hiyo itakuja, huenda ni mtoto aliyeletwa kwa upasuaji mdogo tu, na wewe ndiye utakayekuwa umemlaza. Kila ubingwa una mlango wake wa namna hiyo. Kwangu ni homa ya uti wa mgongo iliyochelewa, mtoto wa miaka miwili, na mama yake ameshika kandambili zake ndogo mkononi. Nimepita mlango huo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuhesabu, na kesho yake nimerudi wodini. Kwenye upasuaji nisingerudi, hilo nalijua. Muulize Mzee kuhusu mgonjwa aliyempoteza. Muulize mkiwa wawili, baada ya kazi, na umpe muda. Atakachokuambia kitakufaa kuliko ushauri wangu wote, na namna utakavyolala usiku huo itakufaa zaidi.

Wenzako wanaosema utakaa nyuma ya pazia hawajui wanasema nini, na sitaki ubaki na maneno yao kifuani. Kabla ya Oktoba 16, 1846, siku ambayo William Morton alimvutisha mgonjwa etha hadharani kwenye hospitali ya Boston, Marekani, mpasuaji bora alikuwa yule mwenye kasi, kwa sababu mgonjwa alikuwa macho, ameshikiliwa na wanaume wanne. Utumbo uliojisokota kama wa mama yako, nani angeufungua mtu akiwa macho? Upasuaji wote tunaojivunia leo umesimama juu ya mtu aliyekaa upande wa kichwa cha mgonjwa.

Na hapa kwetu mtu huyo ni haba. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari watano wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7. Piga hesabu, wanatakiwa zaidi ya 3,000, nasi tuko mbali mno na idadi hiyo. Wilayani kazi inabebwa na wauguzi na matabibu kama Mzee wako, na wanaibeba kwa moyo, mara nyingi bila bingwa wa kumpigia simu. Kuna utafiti uliochapishwa 2019 uliofuatilia wanawake waliojifungua kwa upasuaji kwenye nchi 22 za Afrika: vifo vyao vilikuwa mara 50 ya vile vya nchi tajiri, na miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo ni kutokwa damu na matatizo ya ganzi na usingizi. Nilipousoma niliweka karatasi chini nikakaa kimya. Nimepokea watoto wengi mno kutoka mlango wa chumba cha upasuaji ambao mama zao hawakutoka.

Hata hivyo, usiende kusomea usingizi kwa sababu taifa lina upungufu. Upungufu haukuamshi saa tisa usiku ukiwa na miaka 50. Nimekutajia kwa sababu mbili. Kwanza ni heshima, kwamba kazi hii si ya pembeni. Pili ni riziki. Fani zenye uhaba ndizo zinazotazamwa kwanza kwenye ufadhili, na Wizara ya Afya ina mpango wa kusomesha mabingwa unaojulikana kwa jina la Rais Samia; fuatilia fani zinazopewa kipaumbele mwaka utakaoomba, usitegemee maneno ya mitaani. Kuhusu kliniki, wenzako wana haki. Daktari wa usingizi hana foleni yake ya wagonjwa, anamtegemea mpasuaji ampe kazi, na kama ndoto yako ni kibao chenye jina lako barabarani, hii siyo njia. Lakini hospitali binafsi za mijini haziwezi kufungua chumba cha upasuaji bila mtu kama wewe, na vyumba vya wagonjwa mahututi pia ni vyenu. Hutalala njaa.

Uende moja kwa moja au ufanye kazi kwanza? Mimi ningefanya kazi kwanza, mwaka mmoja au miwili, isizidi mitatu. Maliza usajili wako kamili kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, omba kila nafasi itakayotangazwa, na ikitokea hospitali ya wilaya usiikatae kwa sababu ni mbali. Wilayani unakuwa daktari wa kila kitu. Asubuhi mtoto mwenye degedege, mchana mwenye kisukari, usiku mama wa kujifungua, na katikati ya hayo yote utajijua. Utajua ni mgonjwa gani ukisikia ameletwa unanyanyuka kabla hujaitwa, na ni yupi unatamani mwenzako akampokee. Huko ndiko ubingwa unakochaguliwa kwa haki. Wenzetu wa Marekani wanaomba ubingwa wakiwa bado mwaka wa mwisho wa chuo, na kompyuta ndiyo inayowapangia hospitali kila mwezi Machi. Sisi mfumo wetu unatuchelewesha, na katika jambo hili moja naona kuchelewa kunatufaa.

Kuna na sababu ya mfukoni. Mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini anaweza kuombewa ruhusa ya masomo huku mshahara unaingia. Miaka mitatu ya ubingwa bila mshahara ni mirefu, kodi ya chumba hailipwi kwa shauku, na Bodi wakishaanza wanakata asilimia 15 ya mshahara. Ajira zisipotoka haraka usikae nyumbani. Hata mkataba mfupi, hata kujitolea karibu na chumba cha upasuaji, mradi mikono isisahau. Ila weka tarehe. Nimewaona vijana waliosema "mwaka mmoja tu nijipange" na sasa ni waganga wafawidhi wa miaka kumi, wanasaini madokezo ya mafuta ya gari na kila wakiona bingwa mgeni wanashusha macho.

Tena usiogope kwamba mlango wa upasuaji utafungwa ukiupita sasa. Chuo cha wapasuaji cha ukanda wetu, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kinamwezesha mtu kusomea ubingwa akiwa hospitalini kazini, na madaktari wa usingizi nao sasa wana chuo chao cha namna hiyo, CANECSA. Ukikuta baada ya miaka miwili ya wilaya kwamba unaota visu, nenda kwenye visu.

Shangazi zako wamesema kwa upendo. Uwaambie tu kwamba macho na ngozi si pa kupumzikia. Pale KCMC Moshi madaktari wa ngozi wanawahudumia ndugu zetu wenye ualbino wanaoshambuliwa na saratani ya ngozi, na mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua yanatengenezwa palepale. Anayekwenda huko aende kwa sababu ameiona ngozi ile akashindwa kuisahau. Na Uingereza ni swali jingine kabisa, usilichanganye na hili. Mwache rafiki yako aende na umwombee heri. Nafasi za kusomea ubingwa kule zimekuwa za kugombaniwa mno miaka hii, na aendaye bila kujua anataka nini hupokea kilichobaki.

Sasa baba.

Mwanangu, baba yako hajui upasuaji ni nini. Anajua kwamba mke wake alipanda pikapu akiwa anakufa na akarudi nyumbani akitembea. Ana deni la shukrani, hakupata namna ya kulilipa, akakuweka wewe uwe malipo. Ukiligombania jambo hili kwa simu utakuwa unagombana na usiku ule, na usiku ule hutaushinda. Nenda Mbozi. Usifike na uamuzi mkononi kama mtu aliyeleta barua ya mahakama. Fika, salimia, ingia shambani naye siku mbili tatu, na usiguse habari hizi mpaka mmekaa jioni na mama yako yupo.

Chumba kile alimopasuliwa mama yako kilikuwa na mtu mwingine. Baba yako hakumwona, kwa sababu mtu huyo hatoki nje kupeana mikono na ndugu. Huenda alikuwa muuguzi kama Mzee wako. Alimlaza mama yako mwenye tumbo lililojaa, akiombea asitapike na kupaliwa, jambo linaloua watu mezani kabla kisu hakijagusa ngozi. Alipumua kwa niaba yake mpaka utumbo ulipofunguliwa na kushonwa. Kisha akamwamsha. Hayumo kwenye sala za jioni kwa sababu hakuna aliyemtaja.

Wewe usimtaje. Mwache mama yako. Wagonjwa wengi niliowauliza, kitu cha mwisho wanachokikumbuka kabla ya kisu ni sauti: mtu fulani aliyekuwa karibu na sikio, aliyewaambia wahesabu au wavute pumzi, aliyewaita jina. Muulize mama, baba akisikia, siku ile kabla hajalala alisikia sauti ya nani na ilimwambia nini. Mwache aeleze mpaka amalize, na baba yako akianza kuuliza maswali, ndipo umsimulie habari za Mzee na mkono wake kwenye paji la uso wa yule mama.

Kisha niandikie, nataka kujua mama alisema nini.

Mama Daktari